Karatasi Nilizozichana

Jumapili, 8 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Berchem yote, mtaa wetu hapa Brussels, ina rangi ya sufuria. Rukiya, binti yangu, yuko zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Anaosha wazee wa watu wengine, kisha anarudi kunipikia mimi. Lina, mwanawe wa miaka kumi na sita, ameniomba ruhusa ya kwenda Laeken, mtaa mwingine wa jiji.

"Kufanya nini?"

"Kucheza, Babu. Jeu de rôle."

Nilidhani ni maigizo ya shule, nikamruhusu. Amerudi saa kumi na mbili jioni, koti limelowa chapachapa, naye anacheka peke yake akivua viatu. Tangu mwaka jana sijamsikia akicheka katika nyumba hii.

Jumanne, 10 Septemba

Nimesahihisha tangazo la msikiti. Makosa saba katika mistari mitano.

Jumapili, 15 Septemba

Leo Lina amenieleza. Si maigizo. Wanakaa mezani watu sita, kila mmoja amebuni mtu wake na anamsemea. Wa saba anasimulia: mnafika mtoni, daraja limevunjika, mnafanya nini? Kila mmoja anajibu kama mtu wake angejibu.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi niko mwizi."

"Mimi *ni* mwizi. Na ni aibu."

"Mwizi mzuri, Babu! Anaibia wabaya tu."

"Nani anaamua kuwa ni wabaya?"

"Tonton Banza. Yeye ndiye anasimulia."

Huyo Banza, ambaye watoto wote wanamwita tonton, yaani mjomba, ni Mkongo wa Likasi, mtu mzima, dereva wa basi siku za kazi. Nikauliza kama wanatumia dadu. Lina akakiri: dadu yenye pande ishirini, ili kujua kama jambo limefaulu. Nikamwambia dadu haziingii katika nyumba yangu, ziwe na pande ngapi.

"Ziko kwa Tonton, katika sanduku lake."

"Basi zikae huko."

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Goti.

Jumapili, 29 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Nilikuwa naandaa chai. Lina alikuwa ameacha karatasi mezani, nikaiinua niiweke kando. Ilikuwa fomu iliyochapwa, imejazwa kwa kalamu ya risasi. Jina. Aina. Urefu. Lugha. Silaha. Maadui. Nilikaa chini.

Karatasi hiyo nilikwisha kuiona. Ilikuwa mwaka 1998, katika nyumba ya kwanza tuliyopewa Brussels baada ya kukimbia vita kwetu Burundi. Fahad, mwanangu mkubwa, alikuwa na miaka kumi na sita kama Lina leo. Niliikuta chini ya godoro lake. Fomu ile ile, ila pale penye "aina" paliandikwa kwa Kifaransa "race", asili ya damu. Nyuma yake palikuwa na orodha ya majina, kila jina na silaha yake, na pembeni ya majina matatu misalaba midogo ya wino mwekundu.

Mambo yafuatayo watoto wangu hawayajui. Mama yao aliyajua, naye amekufa nayo.

Mwaka 1972, mwaka wa mauaji ya kikabila kwetu, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya katika shule ya bweni mbali na Bujumbura. Siku moja waliingia wanajeshi wawili na karatasi. Mkubwa wao alianza kuisoma mbele ya darasa, akajikwaa katika jina la kwanza na la pili. Akanigeukia: "Wewe mwalimu, una matamshi mazuri. Soma." Nikaisoma. Nilisoma majina tisa kwa sauti inayofika dawati la nyuma, kama nilivyofundishwa chuoni. Kila niliyemwita alisimama na kuitikia "Naam, Mwalimu". Hawakurudi.

Kwa hiyo mwaka 1998, mbele ya godoro lile, sikuona mchezo. Niliona kwamba mwanangu ameingia katika kundi la watu wanaoandika wenzao, ukoo wao na urefu wao, na kutia alama waliokwisha kuuawa. Nilimpiga. Nilizichana karatasi zake zote, na madaftari mawili yaliyojaa mwandiko. Alikuwa akisema jambo moja tu: "Baba, ni mchezo. Baba, wallahi ni mchezo." Nilimjibu hakuna binadamu anayecheza hivyo. Wiki ile ile nilimtoa shuleni nikampeleka shule ya bweni kule milimani kusini mwa Ubelgiji, asiwaone tena rafiki zake. Alipotimiza miaka kumi na minane hakurudi kwangu. Katika mazishi ya mama yake alinipa mkono, akaurudisha mfukoni.

Lina aliporudi jikoni nilimuuliza kama mchezo huu ni wa zamani.

"Zamani sana, Babu. Kabla ya Mama kuzaliwa."

"Na hapa, penye 'aina', hapakuandikwa 'race'?"

"Zamani, ndiyo. Sisi hatulipendi neno hilo. Kwenye fomu mpya limetolewa." Akanitazama. "Babu, mbona unaikunja karatasi yangu?"

Nikainyosha, nikamrudishia.

Jumatatu, 30 Septemba

Sikula.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mfamasia wetu, mtu asiyeongea, amenieleza bila kuulizwa kwamba mjukuu wake ametaka dadu kwa siku yake ya kuzaliwa. "Si simu, Monsieur! Dadu!" Alifurahi kama aliyeponyeshwa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Maktaba ya mtaa imebandika tangazo: michezo ya kusimulia mezani, kila Jumatano, kuanzia miaka kumi. Mchoro wa joka. Akina mama wawili walisimama mbele yake wakiwapiga picha watoto wao.

Miaka ishirini na sita nimeishi nikijua kwamba nilimwokoa mwanangu. Ni kujua huko kulikonivusha mazishi na sikukuu zote asizokuja. Sasa ushahidi dhidi yangu umebandikwa ukutani, na chini yake pameandikwa kwamba kiingilio ni bure.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua, upepo. Tangazo la maktaba bado lipo.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda Laeken na Lina, kwa tramu ya 19. Ukumbi uko nyuma ya kanisa; zamani wazee wa Kibelgiji walikuwa wakicheza karata humo. Niliwakuta watoto wa kila rangi wakibishana kwa heshima kuhusu namna ya kuvuka mto ambao haupo.

Banza alisimama mara aliponiona. Mtu mnene, ndevu zimeanza mvi. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, ingawa mkono unakataa.

"Papa Mwalimu! Unanisahau? Mi ni Banza. Nilikulaka wali ya maman kwenu, Mungu amuhurumie. Nilikulaka sahani mbili, na nikabeba ingine!"

Nilimkumbuka. Mtoto mwembamba mwenye viatu vikubwa kuliko miguu yake. Nikamwomba tukae kando.

"Ile karatasi," nikasema. "Orodha yenye misalaba."

Aliacha kucheka. "Njo mi niliandikaka, Papa. Fahad alikuwaka na maandiko ya munganga, hakuna wa kuisoma. Misalaba, ni bale balikufa. Ku mchezo! Moya alikuwa wangu. Nilimulilia siku mbili, mujinga mi."

"Mlikuwa wangapi?"

"Quatre, bane tu. Tunajificha ku cave, chini ya nyumba ya mubeleji moya, kama bezi. Ku kanisa banasema tuko balozi, batu ba uchawi. Ku masomo banatucheka. Kisha ordinateur, kompyuta, ikakuja, kila muntu akajifungia kwake. Sanduku yangu ikalala miaka kumi na tano. Bibi yangu, maman ya batoto, alitaka kuitupa. Bon, corona ikakuja, batoto banachoka na écran ya simu, banataka kuona uso ya mwenzao. Leo niko na quarante, batoto makumi ine, ku liste, na viti ni sita. Kila dimanche, kila Jumapili, nafukuza batoto ku mulango, Papa. Mi! Mi ambaye nilikuwa nabembeleza batu."

Nikauliza ni nani aliyekuwa msimulizi wao wakati ule, maana nilidhani ni yeye.

"Fahad," akasema. "Donc, ile sauti. Anasema neno moya, ananyamaza, shiye bote tunaacha kupumua. Tulikuwa tunasema: baba yake ni mwalimu, njo maana. Na vile nasimulia leo, nafuata yeye. Siku hakukuja, tulimungojea dimanche tatu. Hatukujua kama umemutuma mbali."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilibaki nimekaa na kofia mapajani hadi Lina alipomaliza.

Jumatano, 16 Oktoba

Madaftari yale mawili sikuyasoma hata ukurasa mmoja. Mimi niliyesoma insha mbovu za watu kwa miaka arobaini.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Giza saa kumi na moja na nusu. Lina amekwenda, amerudi. Mwizi wake amejeruhiwa.

Ijumaa, 1 Novemba

Baada ya swala nimemwomba Rukiya namba ya Fahad. Alikuwa anakunja nguo. Aliacha shuka nusu.

"Ya nini?"

"Nataka kumwomba radhi."

"Wewe?"

Sikupenda namna alivyolisema neno hilo, lakini alikuwa na haki nalo. Nilimweleza kuhusu mchezo. Kuhusu 1972 sikumweleza. Akanipa namba, akasema, "Baba, akija, usimsahihishe. Akisema 'hii mlango', mwache na mlango wake."

Jumapili, 3 Novemba

Nimempigia. Fahad anaishi Liège, msimamizi wa nidhamu katika shule ya sekondari. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyoikumbuka. Aliniuliza afya, nikajibu. Nilimuuliza habari za mtoto wake, Amira, ambaye nimemwona kwa picha tu. Miaka kumi na mitatu, akasema, na mkaidi.

Nikamwambia nina jambo la kumwambia uso kwa uso.

Naye akasema, "Mimi pia nina jambo, Baba. Liko kwangu siku nyingi." Atakuja tarehe nane Desemba, yeye na Amira, mkewe atakuwa kazini.

Nilijua jambo lake ni lipi. Atanishtaki, nami nitakiri. Nimepanga maneno yangu tangu leo.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Nimeandika kurasa mbili za kumwambia, nikafuta moja.

Jumapili, 24 Novemba

Ukungu. Rukiya ameanza kusafisha nyumba, wiki mbili kabla. Amefua pazia ambazo hazikuwa chafu. Anaimba.

Jumatano, 4 Desemba

Rukiya amekwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, kununua mukeke walioletwa wamegandishwa kutoka ziwani kwetu, kwa sababu Fahad alikuwa akiwapenda. Nimemwambia samaki hao wamesafiri kuliko sisi. Amecheka, akanibusu kichwani. Hajafanya hivyo tangu alipokuwa mdogo.

Jumapili, 8 Desemba

Wamekuja saa sita na nusu. Mvua nyembamba, ya kulowesha bila kusikika.

Fahad ana mvi. Hilo halikuwamo katika maandalizi yangu. Alivua viatu mlangoni, akavipanga sambamba, akanisalimia salaam kamili na kunishika mikono yote miwili. Amira alisimama nyuma yake, mrefu, mabega yameinama kama mtu aliye ndani ya mlango mfupi.

Tulikula. Wali, mukeke wa kukaanga, sombe ya majani ya muhogo. Fahad alimtania dada yake.

"Rukiya, hii samaki imekauka kama mkataba ya kazi."

"Kula, unyamaze. Wa kwako nilimkausha makusudi."

Wote wakacheka. Sikusahihisha neno lolote. Nilikuwa nikingoja chai ili nianze kusema yangu.

Lakini Amira akamuuliza Lina, kwa sauti ya chini, Jumapili huwa anafanya nini. Na Lina, ambaye hakujua, akamjibu. Laeken, meza, mwizi wake, joka waliloliacha nusu. Amira alikuwa akisikiliza mdomo wazi kidogo. Kisha akamtazama baba yake, akaufunga.

Fahad aliweka kijiko chini.

"Amira anaujua mchezo huo," akasema. "Nilichukua vitu vyake vyote mwezi wa tano. Vitabu, dadu, daftari alilokuwa anaandika. Bon, vyote vilikwenda na takataka."

"Kwa nini, Tonton?" akauliza Lina.

"Muulize Babu yako." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji. "Baba, hili ndilo jambo langu. Ulipochana karatasi zangu nilikuchukia. Miaka mingi. Kule bweni nilikuwa nalala na hasira kama mtu analala na shoka. Halafu nikaanza kazi ya shule, nikaona watoto wanaozama katika vitu vya kubuni, hawasomi, hawasikii. Nikaelewa. Ulikuwa unaona mbali. Mimi leo ni mtu kwa sababu ulinikata pale. Sijawahi kukuambia. Ahsante, Baba."

Rukiya alifunika uso kwa kitambaa cha mezani, analia kwa furaha. Alikuwa amengoja miaka ishirini na sita.

Kila nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimewekwa mbele yangu. Mwanangu alikuwa katika nyumba yangu, ananiita Baba, hana deni na mimi wala mimi naye. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Hata kuitikia kwa kichwa hakukuhitajika.

Nikamtazama Amira. Alikuwa anamkata samaki vipande vidogo, kisha vipande hivyo vidogo zaidi, wala hakuna kilichofika kinywani.

Nikasema, "Fahad, nilikosea."

"Baba, acha. Mambo ya zamani."

"Nilikosea. Ulikuwa mchezo, uliniambia ni mchezo, nami sikukusikiliza. Sikuona mbali. Niliona nyuma."

Nikawaeleza. Shule ya bweni, wanajeshi wawili, karatasi. Niliwaambia ni nani aliyeisoma, na kwa nini nilichaguliwa mimi. Nilisema idadi ya majina.

Rukiya alikuwa ameshusha kitambaa. Fahad alikuwa ameweka mikono mezani, viganja chini, kama anayezuia meza isiinuke.

"Sikukukata ili uwe mtu," nikasema. "Niliogopa. Na ulichokuwa unaandika hakikuwa kibaya. Banza ananiambia ulikuwa msimulizi bora kuliko wote. Mrudishie mtoto vitu vyake."

"Ulikuwa sawa," akasema Fahad.

"Hapana."

"Baba, ulikuwa sawa!" Sauti yake ilipasuka kama ya mvulana. "Ukisema ulikosea, mimi nilipoteza kitu gani, na kwa ajili ya nini? Eh? Mama nilimwona mara nne kwa mwaka. Mara nne! Na huyu hapa, nimwambie nini sasa?"

"Mwambie nilivyokuambia mimi."

Akasimama. "Amira. Koti."

"Fahad, chai bado," akasema Rukiya. "Kaka, kaa. Nimepika kaimati. Baba, mwambie akae!"

Sikuwa na la kumwambia ambalo lingemkalisha, isipokuwa uongo. Amira alinijia, akasimama mbele yangu asijue la kufanya na mikono, kisha akaikimbilia korido. Mlangoni Fahad alivaa viatu bila kufunga kamba.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Ungeweza kuninyamazia leo tu."

Mlango ukafungwa taratibu. Ningependa angeubamiza.

Rukiya alianza kukusanya sahani, zikigongana. "Umefurahi sasa?" akaniuliza, hakunitazama. "Umesahihisha?" Lina alikuwa akimtazama mama yake, kisha mimi, kisha mama yake.

Nilikwenda dirishani. Tuko ghorofa ya nne, na maegesho yote yanaonekana. Fahad na Amira walivuka mvua, yeye mbele, mtoto hatua tatu nyuma. Wakaingia garini. Mtoto alikaa kiti cha mbele. Nikangoja taa ziwake. Hazikuwaka.

Dakika moja, mbili. Nilitazama saa ya ukutani. Gari lilikaa pale dakika kumi na moja, injini imezimwa. Sikuweza kuwaona, kwa sababu vioo vilianza kuingia ukungu, kwanza upande wa dereva, halafu upande wa pili, hadi vyote vikawa vyeupe. Watu wawili wanaonyamaza hawafanyi vioo viwe hivyo upesi namna ile.

Kisha mkono ukapangusa duara kwenye kioo cha mbele, upande wa Amira. Taa zikawaka, na gari likaondoka.